Mazao Yaitapo Auni

Mkulima aonapo jani la mhindi limetobolewa, aghalabu vita hivyo huvihesabu kuwa vya wawili tu, yaani mdudu alaye na mwenye shamba aliwaye. Na tadbiri imjiayo upesi ni kwenda dukani kununua kiuatilifu, kukichanganya na maji katika bomba la mgongoni, na kukimwaga juu ya kila kilicho hai shambani. Hesabu hiyo imewaacha nje wawili wengine waliokuwako vitani kabla ya jembe la kwanza kutiwa ardhini. Wa kwanza ni mmea wenyewe, ambao hauwezi kukimbia wala kupiga kelele, lakini haukuumbwa mnyonge. Wa pili ni adui wa mdudu, kiumbe ambaye mara nyingi ni mdogo kuliko punje ya mtama, na ambaye riziki yake ni kumla yule alaye mazao. Wawili hawa husaidiana kwa njia ambazo ulamaa wa mimea wamezijua juzijuzi tu, na mkulima, bila kujua, huweza kuukata msaada wao au kuutia nguvu, kwa mbegu aichaguayo na kwa dawa ainyunyizayo.

Jambo hili lafaa kutazamwa kutoka mahali maalumu, na mahali hapo na pawe Kasokola, kata ya Manispaa ya Mpanda, katika mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Nchi hii ni ya miombo, yenye msimu mmoja wa mvua uanzao kwa kawaida mwezi wa Novemba na kukoma Aprili, na baada yake kiangazi kirefu cha vumbi na moto wa msituni. Katika upande huu wa Mpanda watu hulima mahindi, mpunga, muhogo, karanga, maharage na alizeti kwa chakula na kwa soko, na tumbaku na pamba kwa fedha. Mazao hayo karibu yote ni wageni: mahindi, muhogo, tumbaku, karanga na alizeti asili yao ni Marekani ya Kaskazini na ya Kusini. Na kila mgeni alikuja na silaha zake, ingawa si kila mmoja alikuja na rafiki zake.

Tuanze na tumbaku, maana silaha yake ndiyo ijulikanayo zaidi, japo watu huijua kwa jina jingine. Nikotini imfanyayo mvutaji arejee kwenye sigara haikuumbwa kwa starehe ya mtu. Ni sumu ya neva iliyowekwa katika jani ili kumkomesha mdudu. Hutengenezwa mizizini, ikapandishwa na maji ya mmea hadi majani, na jani likitafunwa habari hushuka mizizini na kiasi cha sumu huongezeka. Mkulima wa tumbaku akatapo ua ili majani yanenepe huipandisha nikotini kwa njia iyo hiyo, kwa kuwa mmea huhesabu kukatwa huko kuwa ni kuliwa. Lakini hakuna silaha isiyopata mpinzani: huko Marekani yuko kiwavi mkubwa wa kijani ambaye hula tumbaku mchana na usiku, na sumu ile humpita tumboni pasipo kumdhuru.

Muhogo nao hujilinda kwa namna yake. Ndani ya seli zake umeweka kitu kiitwacho linamarini, na pembeni, nyuma ya ukuta, umeweka kimeng'enya cha kukivunja. Viwili hivi havikutani maadamu mmea ni mzima. Jino la mnyama au taya la mdudu likisaga, ukuta huvunjika, vitu hivyo huchanganyika, na hapo huzaliwa sianidi, ambayo ni sumu kali. Ndiyo maana watu wakaao jirani na pori lenye nguruwe na nyani hupendelea muhogo mchungu, wakaustahimilia kazi ya kuuloweka na kuukausha, kwa kuwa mlinzi wake halali usingizi. Hata hivyo silaha hii humngoja adui asagaye. Aingizaye mdomo mwembamba kama sindano na kufyonza utomvu pasipo kuvunja mengi huweza kuipita, na tutaona karibuni hasara iliyotokana na mwanya huo.

Pamba yatufundisha jambo la tatu, kwamba kila ngao ina gharama yake. Chawajani, mdudu mdogo wa kijani arukaye mtu apitapo mistarini, alikuwa tishio kubwa kwa pamba ya Afrika mpaka wazalishaji wa mbegu walipotambua, katika miaka ya 1920 huko Afrika ya Kusini, kwamba mimea yenye majani ya manyoya mengi haikushambuliwa kama ile yenye majani laini. Mbegu za kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, zilizoenea katika kanda za pamba za Tanzania, zilirithi manyoya hayo. Lakini manyoya yale yale yamzuiayo chawajani humpendeza nondo wa funza wa vitumba, akapata mahali pa kushikiza mayai yake, na nzi weupe huyapenda pia. Basi mwenye kudhani kwamba mbegu moja itawashinda maadui wote kwa silaha moja hajajua jinsi maumbile yalivyopima mambo kwa mizani.

Mhindi, ambao ndio chakula cha watu, una sumu katika majani yake machanga, nyingi utotoni na kupungua kadiri unavyokua. Sumu hii huwazuia wadudu wengi, ila si wote, na yule aliyetutesa zaidi miaka hii ya karibuni, kiwavijeshi vamizi tutakayemtazama mbele, amejaliwa uwezo wa kuibatilisha tumboni mwake. Ikiwa silaha za mwili hazitoshi, je, mmea umekwisha? La. Bado una njia nyingine, nayo ndiyo ajabu ya habari hii yote: mmea huita auni.

Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Ted Turlings na James Tumlinson, walitoa ithibati kwamba mche wa mhindi ukiliwa na kiwavi hutoa, saa chache baadaye, harufu ambayo haukuwa nayo hapo kwanza. Na nyigu mdogo awindaye viwavi huifuata harufu hiyo mpaka mahali penye windo lake. La kustaajabisha zaidi ni kwamba jani likikwaruzwa kwa wembe tu, mwito huwa hafifu. Lakini tone la mate ya kiwavi likipakwa juu ya jeraha, mmea hulia kwa sauti yake yote. Mwaka 1997 kitu kilichomo katika mate hayo kikatambuliwa na kupewa jina. Kwa hiyo mmea hutambua tofauti kati ya kuumizwa na upepo au ukwato na kuumizwa na adui, wala haupotezi nguvu zake kuita msaada pasipo haja. Tumbaku nayo ni vivyo hivyo: katika jangwa la Utah, mwaka 2001, Andre Kessler na Ian Baldwin walionyesha kwamba tumbaku ya mwitu ikiita kwa harufu, wadudu waitikiao mwito na nondo waepukao mahali pale hata kutaga, kwa pamoja, huweza kupunguza idadi ya viwavi kwa zaidi ya asilimia 90.

Na huyo aitwaye ni nani? Wako wengi: sisimizi, buibui, mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi walao vidukari, na wengineo, lakini wastadi wa kazi hii ni manyigu wadogo ambao wengi wetu tumeishi nao miaka yote tukiwadhania ni mbu. Mfano wao ni nyigu aitwaye Cotesia, mwenye mwili wa kiasi cha kichwa cha pini. Jike huingia katika tundu alilotoboa bungua ndani ya bua la mhindi, akamchoma yule funza na kumtia mayai kadhaa. Mayai huanguliwa, watoto humla mwenyeji wao kutoka ndani pasipo kumwua upesi, na wakikomaa hutoka nje kwa pamoja na kusuka vifuko vyeupe ubavuni mwake. Mkulima akikuta funza aliyelegea, amezungukwa na vitu mfano wa chembe za mchele, na ajue kwamba hapo hana kazi ya kufanya, imekwisha kufanywa.

Ila rafiki huyo sharti awepo, na hapa ndipo penye msiba wa mazao ya ugenini. Bungua wa madoa, aliyefika Afrika kutoka Asia katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, alistarehe kwa miaka mingi kwa sababu manyigu wa kwao hawakusafiri naye. Mpaka kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoasisiwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilipomleta nyigu Cotesia flavipes kutoka Pakistan na kumwachilia katika pwani ya Kenya mwaka 1993. Na kabla ya hapo kilikuwako kisa cha muhogo, ambacho ni kikubwa kuliko vyote vya namna hii barani mwetu. Kidung'ata wa muhogo alionekana katika nchi za Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa ametoka Marekani ya Kusini. Huyu ndiye mfyonzaji asiyeogopa sianidi. Tena wote ni majike wazaao pasipo dume, hivyo mmoja akipeperushwa na upepo hutosha kuanzisha kizazi kipya. Akaenea kutoka nchi hadi nchi, akafika Tanzania katika miaka ya 1980, na palipokuwa na mashamba ya muhogo pakabaki vijiti vilivyosokoteka ncha.

Hans Herren, mtaalamu wa Kiswisi aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya kilimo cha tropiki huko Ibadan, Nijeria, alishika rai kwamba kumnyunyizia sumu mdudu aliyeenea bara zima si kazi iwezekanayo, wala fedha yake haipo. Bora kumtafuta yule aliyemzuia huko alikotoka. Mwaka 1981 nyigu Anagyrus lopezi alipatikana Paraguay, akachunguzwa katika karantini huko Uingereza asije akaleta madhara mengine, kisha akaachiliwa Nijeria mwaka huo huo. Baada ya miaka kumi na ushei nyigu huyo alikuwa amekaa katika nchi nyingi za ukanda wa muhogo; nchini kwetu kazi ya kuwazalisha na kuwasambaza wadudu hawa ilifanywa na kituo cha Kibaha. Mkulima hakulipa kitu, wengi hata hawakujua lililotendeka. Waliona tu muhogo umepona. Mwaka 1995 Herren alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Haya yote yakumbukwe tunapomtazama mgeni wa karibuni. Kiwavijeshi vamizi aligunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 akathibitishwa Tanzania. Nondo wake huruka usiku, akataga mayai mia moja hadi mia mbili kwa fungu moja na kulifunika kwa manyoya ya mwili wake. Kiwavi mkubwa hujificha ndani ya moyo wa mhindi, akajiziba kwa kinyesi chake kifananacho na unga wa mbao. Watu wakanyunyiza, na wakanyunyiza tena, na dawa nyingi ikaishia juu ya majani na juu ya viumbe watembeao majani, huku mwenye hatia akikaa ndani salama. Lakini watafiti walipokusanya mayai na viwavi mashambani mwa Kenya, Tanzania na Ethiopia, waliona kwamba wenyeji wameanza kumzoea mgeni: manyigu wa hapa hapa, na inzi watagao juu ya mwili wa kiwavi, walikuwa wamekwisha kumgeuza chakula. Idadi yao haikulingana kila mahali, lakini walikuja wenyewe, hawakuitwa na serikali wala kununuliwa na mtu.

Sasa tufikie mkulima mwenyewe, ambaye mkono wake waweza kuvunja mapatano haya ya mmea na adui wa mdudu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mbegu. Mwaka 2005 watafiti wa Uswisi walibainisha kwamba mizizi ya mhindi iliwapo na mabuu wa ardhini hutoa harufu ya kuwaita minyoo myembamba iwauayo mabuu hao. Lakini mbegu nyingi za Marekani zilikuwa zimepoteza uwezo huo, yamkini kwa sababu wazalishaji wa mbegu walichagua kwa miongo mingi magunia mengi na mabua ya kusimama wima, na hapana aliyeuliza kama mmea bado waweza kuita. Katika maabara ya icipe huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, lilionekana jambo lililo karibu nasi zaidi: mahindi ya kienyeji ya Kenya, kama Nyamula na Jowi, huanza kuwaita manyigu mara tu nondo wa bungua anapotaga juu ya jani, kabla funza hata mmoja hajaanguliwa, na mbegu za chotara za dukani zilizopimwa pamoja nayo zilikaa kimya. Sisemi kwamba mbegu bora ziachwe, maana gunia lijazalo ghala halina mbadala mbele ya watoto wenye njaa. Nasema kwamba mbegu ya kienyeji iliyohifadhiwa juu ya dari ya jiko ni hazina ya elimu ambayo mzalishaji wa mbegu ataihitaji, na ikipotea haitanunulika.

Njia ya pili ni sumu itumiwayo bila hadhari. Kiuatilifu kienezwacho kwa wingi huwaua manyigu na buibui upesi kuliko wadudu waharibifu, kwa sababu wao hutembea juu ya majani na ni wachache. Na mdudu arudipo, hukuta shamba lisilo na mlinzi, akazaana kuliko mwanzo. Indonesia ilijifunza haya kwa uchungu katika mashamba yake ya mpunga, ambako mdudu afyonzaye mashina alizidi kadiri dawa zilivyozidi, hata mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku aina 57 za viuatilifu vya mpunga, na mpunga haukupungua. Kwa watu wa Katavi iko hasara nyingine ya karibu: nyuki. Nchi ya Inyonga na miombo yake ina sifa ya asali, na nyuki aendaye kwenye maua ya alizeti mchana haulizi kama shamba limenyunyizwa asubuhi.

Je, mkulima aweza kuyatia nguvu mapatano hayo? Wataalamu wa Mbita, Zeyaur Khan na wenzake, pamoja na John Pickett wa Uingereza, waliyatia katika vitendo kwa ufundi uitwao sukuma-vuta. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, jani litambaalo, ambalo harufu yake ya kila siku hufanana na ile ya mhindi ulioshambuliwa. Nondo huiepuka akidhani mahali pamejaa, na manyigu huijia wakidhani kuna windo. Pembezoni hupandwa matete au majani ya brachiaria, ambayo humvuta nondo akatage huko, na watoto wake wengi hufa kwa kunaswa na utomvu na kukosa lishe. Desmodiamu huzuia pia kiduha, na yote mawili ni malisho ya ng'ombe. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba katika mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania yaliyopandwa hivyo, viwavijeshi vamizi kwa kila mmea walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko katika mashamba ya mahindi matupu.

Insafu yanitaka niseme kwamba ufundi huu una pingamizi zake katika nchi kama Kasokola. Desmodiamu ni mmea wa miaka mingi. Kiangazi kirefu huudhoofisha, na mifugo iachiwayo mashambani baada ya mavuno, na moto uvukao mpaka, humaliza kilichobaki. Atakaye kuujaribu sharti kwanza apatane na majirani juu ya mifugo na moto, na aanze kwa kipande kidogo kilicho karibu na nyumba.

Iko pia dawa ya mimea yenyewe. Utupa, ambao watu wengi huujua kwa kuvulia samaki, jambo lililokatazwa na sheria, hutengeneza majani yenye sumu ya wadudu. Na majaribio ya maharage yaliyofanywa kaskazini mwa Tanzania na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha yameonyesha kwamba maji ya utupa na ya mimea mingine ya porini hupunguza wadudu waharibifu na kuwaacha marafiki wengi kuliko dawa za viwandani. Ila iko hadhari moja: utupa una namna mbili zisizotofautika kwa macho, na moja kati yake haina sumu hiyo. Basi mbegu ya utupa ichukuliwe kwa mtu aliyekwisha kuona kazi yake.

Wala auni ya wadudu haifiki kila mahali. Dumuzi, mdudu wa ghalani ambaye watu wa Tabora walimwita Scania, aliingia Afrika kwa kupitia Urambo, jirani wa kaskazini, na kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Punje kavu ghalani haina uhai wa kumwita mtu. Na ingawa mbawakawa mwindaji wake aliletwa kutoka ng'ambo na kuachiliwa Kenya mwaka 1992, akisaidia kumpunguza msituni, ghala limebaki mikononi mwa mwenyewe: akaushe vizuri, apukuchue, atumie mifuko isiyopitisha hewa au dawa ya ghalani iliyosajiliwa.

Shambani kwenyewe, la kufanya si gumu. Tangu mahindi yaotapo, mkulima apite mara moja kwa juma, asimame mahali patano, na kila mahali akague mimea kumi; ayafikiche kwa vidole mafungu ya mayai yenye manyoya, na aangalie kama viwavi ni wazima au wamelegea. Ikiwa mimea michanga iliyoshambuliwa haijafikia mmoja katika kila mitano, awaachie wenye kazi yao wafanye. Ikizidi, amwone afisa ugani, atumie dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, aielekeze katika moyo wa mhindi jioni nyuki wakiisha kurejea, wala asiimwage shamba zima kwa hofu. Na msimu ujao, ashikapo mfuko wa mbegu dukani, pamoja na kuuliza unazaa magunia mangapi kwa ekari, aulize hustahimilije wadudu; kwa kuwa swali hilo wauzaji na wazalishaji wa mbegu hawataanza kulijibu mpaka wanunuzi waanze kuliuliza.